Tulipovikata Vikwembe vya Maman

Siku ya tatu baada ya kumzika Maman, shangazi zetu walitaka sanduku lake lifunguliwe. Ndiyo desturi kwetu: mwanamke akifa, vikwembe vyake, hivyo ambavyo wengine huviita vitenge, vinatolewa na kukunjuliwa kimoja kimoja, na wanawake wa ukoo wanagawana mbele ya mashahidi ili asiwepo wa kunung'unika baadaye. Wananung'unika hata hivyo, lakini walau mashahidi wapo. Kifuniko kilipoinuliwa, harufu ya naftalini ilinipiga puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikarudi kuwa wa miaka tisa, nimekaa kwenye saruji baridi, sindano mkononi na hasira kifuani.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vikwembe sita tu, vyote vya miaka ya karibuni. Shangazi mkubwa alipekua mpaka chini, kisha akatuangalia mimi na dada yangu Nsimire kwa macho ya kututuhumu.

"Bikwembe ya ndoa iko wapi?" aliuliza. "Na ile kaka yangu alimuletea kutoka Kinshasa? Maman yenu aliuzisha?"

"Tulikata," Nsimire akasema.

"Mulikata nini?"

"Yote. Na makasi."

Shangazi alipiga makofi, akasema tangu azaliwe hajasikia ujinga kama huo, mtu mwenye akili zake kutia makasi kwenye kikwembe kizima. Nilikuwa nimeshafika mbali, nyumbani kwetu Kasha, ukingoni mwa mji wa Bukavu, miaka ile ya vita.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bukavu hamhitaji kuelezwa miaka ile. Mnakumbuka jinsi mtoto alivyojua kutofautisha mlio wa mbali na mlio wa karibu kabla hajajua jedwali la saba. Mnakumbuka shule zikifunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumatano. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza nani alimpiga nani na kwa nini. Wakubwa wenyewe hawakuwa na hakika. Nitasema ya nyumbani kwetu tu.

Nyumba yetu ilikuwa pale mtaa wa Bagira unapoishia na migomba inapoanzia. Tulikuwa wanawake watatu: Maman, aliyekuwa sekretari wa ofisi ya parokia kabla ofisi haijafungwa, Nsimire, mwenye miaka kumi na sita, na mimi. Papa alikuwa ametumwa kazini Shabunda kwa wiki mbili. Vita vikakata njia nyuma yake, wiki mbili zikawa miezi, na jina lake tukawa tunalitaja kwenye sala ya mezani, mara tu baada ya kushukuru kwa chakula.

Askari waliingia kwetu mara ya kwanza saa nne asubuhi, jua likiwaka vizuri kabisa. Walichukua cherehani ya Maman, mmoja akaibeba begani kama mkungu wa ndizi. Walichukua redio, magodoro, hata sufuria ya maharage iliyokuwa motoni, na maharage yenyewe hayajaiva. Nilifurahi moyoni nikijua wataumwa matumbo. Nsimire siku hiyo alikuwa ametumwa kwa jirani. Sanduku la vikwembe lilikuwa depo, kachumba kadogo nyuma ya chumba cha Maman tulimoweka unga na majembe. Maman alikuwa ameshasogeza kabati la nguo mbele ya mlango wake aliposikia milio ya kwanza, kwa hiyo hawakuuona.

Kabla ya kuondoka, mkubwa wao alimwuliza Maman maswali mawili. La kwanza: vikwembe viko wapi? La pili: ana mabinti wakubwa? Swali la kwanza nililielewa barabara, maana mtaa mzima ulivijua vikwembe vya Maman. La pili nilidhani ni salamu tu, kama watu wazima wanavyoulizana habari za watoto. Maman alijibu kwamba vikwembe vilishaibwa na wenzao, na kwamba binti yake ni mimi peke yangu.

Nsimire aliporudi, Maman hakumwacha hata anawe mikono. Alimwingiza depo, akamkalisha juu ya sanduku, akarudisha kabati mahali pake. Mimi nikatazama, nikapiga hesabu zangu za miaka tisa, nikapata jibu: askari wanataka vikwembe, kwa hiyo Nsimire amewekwa alinde sanduku. Sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa kujua, si mtoto wa kuuliza, na tabia hiyo imenigharimu mara nyingi maishani, ingawa haijapata kunigharimu kama wakati ule.

Jioni Maman alinisimamisha mbele yake.

"Batu bakikuuliza yaya iko wapi, unasema nini?"

"Alienda Luberizi, kwa tantine, kuvuna muchele."

"Na atarudi lini?"

"Muchele ikishaisha."

"Njo vile. Hata ni padiri anakuuliza, unasema vile."

Nilidanganya vizuri sana. Nilidanganya kwenye foleni ya maji, nilidanganya hata kwa askari wa njiani, nilidanganya mbele ya kanisa, nikaongeza na ya kwangu: kwamba Nsimire ameng'atwa na ruba, kwamba amenenepa kwa kula wali kila siku. Maman alinikanya nipunguze chumvi. Lakini ndani yangu nilikuwa na kinyongo, kwa sababu yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alikaa tu juu ya sanduku kama malkia, na mimi nikabeba bidon ya maji asubuhi na alasiri, nikipita mbele ya bariere, kizuizi cha askari njiani, kwa miguu yangu miembamba. Nikaona kulinda vikwembe ni kazi nyepesi.

Wiki ya tatu malkia aliacha kula. Sahani ilitoka depo kama ilivyoingia. Halafu alasiri moja tulisikia kabati likikwaruza sakafu, na Nsimire akatokea sebuleni, nywele zimemsimama, amekunja macho kwa sababu ya mwanga. Alitembea moja kwa moja kuelekea mlango wa mbele. Maman alifika kabla yake, akaegemea mbao kwa mgongo.

"Minatoka," Nsimire alisema.

"Unaenda wapi?"

"Ku jua. Ku njia. Minachoka, Maman. Banione tu, biishe."

"Mu hii mulango hautapita. Miye njo nilikuzala, na miye njo ninakukataza."

"Sasa mule ndani nifanye nini? Nihesabu matofali? Nilishahesabu!"

Alianza kulia kwa kishindo, na kulia kwa kishindo kulikuwa hatari, kwa kuwa njia ilipita karibu na dirisha. Maman hakumbembeleza. Maman hakuwa mtu wa kubembeleza; alikuwa mtu wa kumpa mtu kazi. Alimshika mkono, akamrudisha depo, akaniita na mimi, akafungua sanduku. Akatoa kikwembe cha juu kabisa, kile chekundu chenye maua meupe alichovaa siku alipotolewa kwao, akaenda kuchukua makasi ambayo askari hawakuyaona chini ya meza.

"Kata," alimwambia Nsimire.

Nsimire aliacha kulia, akarudisha mikono nyuma. Kwetu mtoto akikanyaga kikwembe cha mama yake kwa bahati mbaya anaomba msamaha. Kukikata ni jambo ambalo hata kichaa wa sokoni angelifikiria mara mbili.

"Maman, hii ni ya ndoa."

"Najua ni ya nini. Kikwembe inangoyaka siku ya fête. Unaona fête hapa? Kata, ama nikate."

Yaya hakuthubutu, kwa hiyo Maman alikata mwenyewe. Mpaka leo nakumbuka sauti ile ya makasi yakipita kwenye nguo nzito yenye nta, na mkono wake ulivyokwenda bila kusita. Alikuwa amekata kipande cha karton ya sabuni, mraba wa upana wa kiganja chake, akaufuata huo. Usichanani mwake alifundishwa na watawa kushona mfuniko wa kitanda wa vipande, kwa mkono, bila mashine, na sasa mashine ilikuwa kwa askari, tena hata ingekuwepo kelele zake zingetuumbua. Mkono haupigi kelele.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Depo ilikuwa na matofali yenye matundu juu ukutani, na jua liliingia kwa mistari. Tulihama na mistari hiyo, asubuhi tukikaa upande wa majembe, alasiri upande wa unga. Uzi ulipoisha tulifumua mdomo wa magunia. Kidole cha kusukuma sindano tulikifunga kipande cha mpira wa baiskeli, maana ncha ya sindano ikiingia kwenye nguo, kichwa chake kinakuchoma kidole. Tuliunganisha miraba kwa safu, safu kwa safu. Chini yake tukaweka blanketi la kijivu ambalo askari walilikataa kwa sababu lilikuwa limeungua kwa pasi, na chini ya blanketi pazia la sebuleni. Halafu ikaja kazi yenyewe: kupitisha sindano katika matabaka yote matatu, vishono vidogo vidogo, kuanzia katikati kwenda ukingoni, maana ukianzia ukingoni nguo inajikusanya katikati na kufanya kitambi.

Maman alikuwa mkali. Alipitisha kidole juu ya mstari wangu akiwa amefumba macho, akafika mahali, akasimama.

"Fumua."

"Maman, haionekane!"

"Miye minaisikia. Fumua."

Nilifumua nikitukana kimoyomoyo. Mstari wa Maman ulikuwa wa haraka, vishono virefu vya mtu aliyezoea mashine. Wangu ulikwenda ulikotaka. Wa Nsimire, loo, wa Nsimire ulikuwa mwembamba na sawasawa, hadi ungedhani amechora kwa kalamu. Yeye ambaye shuleni alipata sufuri kwenye kazi za mikono! Lakini shuleni hakuna mtu aliyewahi kuihitaji kazi kama alivyoihitaji yeye mle ndani.

Siku ya nne aliomba chakula. Siku ya sita alianza kunitania: "Angalia point zako, iko sawa meno ya mbuzi muzee." Wiki ya pili, milio ilipoanza kwenye kilima cha pili, niliuangalia mkono wake. Ulisita, ukashika sindano upya, ukaendelea. Akawa anahesabu vishono kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, un, deux, trois, na mimi nikahesabu naye, na tulipofika mia mbili na kitu milio ilikuwa imekwisha na hatukujua iliisha saa ngapi. Naona haya kidogo kusema hili, kwa kuwa watu walikufa siku zile, lakini nitasema: nilikuwa na furaha depo. Maman alikuwa wetu mchana kutwa. Alitusimulia kila kikwembe kabla ya kukikata: hiki nilikivaa ubatizo wa Nsimire, hiki wewe ulikitapikia, hiki Papa alinunua akidhani ni rangi ya kahawia, masikini, Papa haoni rangi. Tukacheka huku tumeziba midomo.

Na kila kikwembe kilipokatwa, mimi nilifurahi kwa sababu yangu ya siri. Sanduku lilikuwa linapungua. Nilijiambia: siku kikwembe cha mwisho kitakapokuwa vipande, hakutakuwa na kitu cha kulindwa, na yaya atatoka. Kwa hiyo nilishona kwa bidii ya mtu anayechimba tundu la gereza. Kile cha mwisho, cha bluu chenye majani ya manjano, nilikikata mimi mwenyewe. Kesho yake nikaenda kuchota maji nikiimba.

Pale bariere palikuwa na askari mmoja kijana aliyevaa kofia ya sufu hata jua la mchana, kwa sababu alikuwa na kikohozi. Alizoea kutusimamisha na kutuomba sabuni, au ndizi, au chochote.

"Petite, yaka hapa," aliniita kwa Kiswahili chake chenye Kilingala. "Kwenu haikosi bikwembe. Leta moja. Nataka kumutumia maman yangu."

Nilisubiri swali hilo wiki nyingi. Nikatua bidon, nikamjibu kwa fahari:

"Haiko tena. Yaya alishakata yote. Bipande bipande. Hakuna kitu ya kukamata."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Yaya gani? Si ulisemaka yaya iko Luberizi?"

Nilisema kwamba ndiyo, huyo huyo, alikata kabla ya kwenda. Nilisema ruba. Nilisema wali. Alinitazama tu huku akikohoa, na mwenzake aliyekaa kwenye jiwe akainua kichwa kutusikiliza, akatabasamu tabasamu ambalo halikunipendeza.

"Sawa," alisema wa kofia. "Saa kumi natoka hapa. Nitapita kwenu kuangalia hiyo bipande."

Nilipanda njia na bidon tupu. Sikujua nimefanya nini, lakini nilijua nimefanya. Karibu na nyumbani nilikaa juu ya bidon yangu nikawaza kunyamaza. Nani angejua? Huenda asingekuja. Huenda angekuja akavuta kabati na Maman asingejua kamwe ni nani aliyesema. Nilikaa pale kiasi cha kusali Salamu Maria tatu, na sikusali hata moja. Kisha nikaingia ndani, nikamkuta Maman akitwanga sombe, nikamwambia.

Sikupigwa. Maman aliacha mchi ndani ya kinu, akanirudisha nyuma mara tatu, neno kwa neno, nani alisema nini, nani alicheka. Halafu akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mutoto wangu, bale basoda ba bariere habatafute bikwembe. Banatafuta Nsimire."

"Ya kufanya naye nini?"

"Ya kumuharibu."

Kila kitu nilichokiona wiki zile kilijipanga upya: sahani zilizorudi, kulia, mkono wa yaya ulivyosita milio ilipoanza. Nikaanza kupiga mayowe, Maman akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka majani ya muhogo.

"Usilie. Hatuna saa ya kulia. Enda uniitie M'Bahizi."

M'Bahizi alikuwa jirani yetu, mmoja wa wale akina mama wabebaji mnaowajua, wanaopandisha magunia kutoka ziwani hadi sokoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mgongo umekunjika, macho chini. Alikuja akafuta mikono, akasikiliza, hakuuliza swali hata moja la bure. Migombani hapakupitika, kulikuwa na askari wengine huko waliompiga risasi yeyote aliyeacha njia. Palibaki njia kubwa, na njia kubwa ilikuwa na bariere, na ng'ambo ya bariere, mwendo wa nusu saa, kulikuwa na nyumba ya watawa, bamasœur kama tunavyowaita.

"Atapita na miye," M'Bahizi alisema. "Nani anaangaliaka sura ya mubebaji? Miaka kumi napita pale, hakuna soda anajua niko na pua."

Walimvua Nsimire nguo zake, wakamvika matambara ya M'Bahizi, wakampaka majivu miguuni. Gunia walilijaza majani makavu ya migomba, juu wakapanga makaa, kwetu makala, ili yaonekane. Lilikuwa kubwa kuliko yeye ingawa halikuwa zito, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Usitembee sawa mwanafunzi," M'Bahizi alimwambia. "Mubebaji hana shingo. Goti inaanza, mwili inafuata. Tena. Tena! Muzigo yako iko kilo makumi saba, unasikia?"

Nsimire alizunguka sebule akiwa amekunja mgongo. Wiki zaidi ya nane hakuwa ametembea hatua kumi mfululizo, miguu ilimtetemeka yenyewe, na M'Bahizi akasema vizuri, hiyo iache hivyo hivyo.

Kisha Maman aliingia depo akatoka na mfuniko wetu. Ulibaki upande mmoja tu kupindwa. Akaukunja, akanipa mikononi.

"Unampelekea yule wa kofia. Unamwambia: Maman anasema, bikwembe haiko, lakini hii iko. Unaikunjua yote. Unamuonyesha kipande kimoja kimoja, polepole, mupaka M'Bahizi anapita."

"Hapana ile, Maman!" Nsimire alisema chini ya mzigo wake. "Ile njo ilinishika mu kichwa."

"Itakushika mara ingine tena."

Nilitaka kusema siwezi. Nikamwangalia Maman nikaona kwamba neno hilo halina pa kuingilia. Na zaidi ya hapo, nilitaka mwenyewe. Nilikuwa nimeharibu kwa mdomo wangu. Ilifaa mdomo wangu huo huo utengeneze. Nikatangulia. Sikugeuka nyuma.

"Umeshafika?" askari alisema. "Saa kumi haijafika."

"Maman anasema, bikwembe haiko, lakini hii iko."

Niliukunjua juu ya mti ulioziba njia. Sikuwa nimewahi kuuona nje, kwenye jua zima. Hakuna kati yetu aliyewahi. Nyekundu ya ndoa, kijani cha ubatizo, ile kahawia ya Papa ambayo ilikuwa zambarau. Askari wanne walisogea, hata yule wa kwenye jiwe. Nikaanza kusimulia, kidole mrabani, na sauti yangu ilitoka imara hata mimi nikashangaa. Hii alivaa siku ya ndoa. Hii nilitapikia. Mmoja akacheka. Nyuma yao nilisikia miguu mitupu ikishuka, jozi mbili, na M'Bahizi akitoa ile sauti yake ya kila siku: "Pardon, muzigo! Pardon!"

Wa kofia ya sufu hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mraba wa bluu wenye majani ya manjano.

"Maman yangu alikuwaga na hii," alisema. "Alikuwa anabebea mudogo wangu."

"Na huyu anabeba nini?" yule wa kwenye jiwe aliuliza. Alikuwa amegeuka.

"Makala, papa," M'Bahizi alijibu. "Ya bamasœur."

"Na ule wa nyuma?"

Niliona visigino vya Nsimire vimesimama vumbini, umbali wa mkono wangu. Kimoja kilikuwa kinatetemeka. Wa kofia aliinua kichwa, akatazama visigino hivyo, akatazama gunia, akanitazama mimi. Kisha akarudisha macho kwenye nguo.

"Acheni bapite," alisema. "Banatuzibia mwangaza."

Walipita. Nilifuata visigino kwa sikio mpaka nikavipoteza. Wengine waliochoka na hadithi zangu wakarudi kivulini. Wa kofia alibaki akipitisha kidole juu ya vishono, kama Maman alivyozoea.

"Nani alishona?"

"Miye na Maman."

"Hapana. Hapa mikono iko tatu. Maman yangu ni mushonaji, najua." Alikunja mfuniko taratibu, pembe kwa pembe, akauweka chini ya kwapa. "Saa kumi sitapita. Lakini ule mwenzangu, sijue. Enda kwenu."

Nilikwenda. Maman alikuwa ameshasukuma kabati kando, ameacha mlango wa depo wazi na mlango wa mbele wazi, amefagia kila uzi, na ametoa vibao viwili nje. Tulikaa hapo mbele ya nyumba, mtu yeyote atuone. Saa kumi ilifika. Yule wa jiwe alikuja kweli, na wenzake wawili. Wakaingia, wakapiga majembe teke, wakachungulia sanduku tupu, wakatoka. Maman hakuinuka kwenye kibao chake. Aliendelea kuchambua maharage, moja moja, na alipoona mikono yangu haitulii aliimwagia maharage ya kuchambua.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa M'Bahizi aliporudi, kamba yake tupu begani. Maman alisimama, maharage yakamwagika.

"Alifika," M'Bahizi alisema. "Bamasœur balimupa chai. Iko analalamika."

"Analalamika nini?"

"Anasema miguu inamuuma."

"Miguu," Maman alisema. "Inamuuma miguu!" Akacheka, akairudia tena kwa sauti kubwa ambayo hatukuwa tumeitumia katika nyumba ile kwa miezi miwili, kisha akakaa chini kati ya maharage na kulia.